Vigae huwekwa mwisho, lakini huchaguliwa kwanza

SWALI

Kwa Mshauri wa safu ya Nyumba,

Nakusalimu kutoka Nakuru, mtaa wa Section 58, ambako majirani wameanza kuniita Mama Vumbi, jina ambalo nimelikubali kwa sababu sina tena nguvu ya kulikataa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu ni mhasibu. Mwaka 2023 tulinunua nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akihamia shambani kwake. Nyumba ilionekana imara, ila ilikuwa imechoka: nyaya za umeme za zamani, mabomba yenye kutu, na sakafu nyekundu ya redoksaidi ambayo mwenyewe alikuwa akiipaka polishi kila Jumamosi hadi ikang'aa kama kiatu.

Tulianza ukarabati mwezi wa Januari mwaka huu. Fundi wetu mkuu alituambia wiki kumi na mbili. Sasa ni Oktoba, na hakuna chumba hata kimoja ambacho ninaweza kusema kimekwisha. Sebule iliwekwa vigae mwezi wa Aprili, juu ya ile sakafu nyekundu, na kufikia Julai vigae vya pembe moja vilikuwa vimeanza kutoa sauti ya mtungi mtupu unapovikanyaga. Mlango wa mbele ulikataa kufunguka, ukakatwa chini kwa msumeno. Ukitoka sebuleni kuingia ukumbini sasa kuna ukingo, na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, amekwisha kujikwaa hapo mara mbili. Bafuni vigae ni vipya na vinapendeza, lakini maji ya kuoga hukimbilia mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu. Chumba chetu cha kulala kilipakwa rangi ya mafuta mwezi wa Juni, na tayari imefanya malengelenge kuanzia sakafuni hadi kimo cha goti. Upande wa dirisha wa chumba hicho hicho kuna ufa mwembamba unaoshuka kutoka kizingitini.

Tunalala watu watano katika vyumba viwili. Ninapikia jiko la gesi ukumbini, karibu na mifuko ya saruji. Mwanangu mdogo hukohoa usiku kila siku ambayo grainda imefanya kazi ya kukata ukuta. Fundi naye amepata nyumba nyingine Kiamunyi, na kwetu huja siku mbili kwa wiki, akiwa na sababu nzuri kila mara.

Jambo linalonichosha zaidi, hata hivyo, ni kuchagua. Mume wangu anataka vigae vyeupe vinavyometameta nyumba nzima, kama alivyoviona kwa mwenzake wa kazini. Mama mkwe anasema sakafu nyekundu haikuwa na kosa lolote, na kwamba ingeachwa. Mimi nilitaka kitu cha rangi ya udongo, lakini nimebadilisha mawazo mara nyingi kiasi kwamba sijiamini tena. Juu ya kabati kuna sampuli kumi na moja za vigae, na ukutani kuna viraka vya rangi saba. Fundi anasema anatusubiri sisi, nasi tunasema tunamsubiri yeye. Fedha tulizokopa kwenye chama cha akiba zimebaki chini ya nusu.

Je, tuhamie nyumba ya kupanga hadi kazi iishe? Tumfukuze fundi? Na mtu huchaguaje mambo haya bila kuvunja ndoa?

Mama Vumbi, Nakuru

JIBU

Mama, salamu nimezipokea, na pole kwa miezi hiyo kumi. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nimegundua kwamba karibu kila hasara uliyoitaja ina chanzo kimoja. Mlango uliokatwa, ukingo wa ukumbini, maji ya bafuni na vigae vinavyolia vyote vimetokana na kuuacha uamuzi wa umaliziaji hadi fundi aliposimama mlangoni akiuliza, "Leo tunaweka nini?" Watu wengi hudhani kwamba kwa vile vigae na rangi huja mwisho wa kazi, basi huchaguliwa mwisho. Kwa kweli huwekwa mwisho, lakini huchaguliwa kabla ya tindo la kwanza kugusa ukuta.

Nitaeleza kwa mfano wa sebule yako. Kigae cha kawaida cha sakafu kina unene wa milimita 9 au 10, na gundi iliyo chini yake huchukua milimita 5 au 6. Hivyo ulipoweka vigae juu ya sakafu ya zamani uliinua sebule kwa kiasi cha sentimita moja na nusu, na kama fundi alitandaza saruji ya kusawazisha, kimo kimeongezeka zaidi. Mlango haukukosea kukataa kufunguka. Ukumbi nao, kwa kuwa haujaamuliwa utamaliziwa kwa nini, umebaki pale ulipokuwa, na tofauti hiyo ya sentimita moja na nusu ndiyo inayomkwaza mama mkwe wako. Tofauti ndogo namna hiyo ni mbaya kuliko ngazi kamili, kwa kuwa jicho huitambua ngazi lakini haliuoni ukingo.

Kazi ya kwanza ninayokupa haihusu duka lolote. Chukueni daftari, mpitie nyumba nzima wewe, mume wako na mama mkwe, na kwa kila chumba mwandike sakafu itakuwa ya nini, unene wake ni milimita ngapi, na itakutana na sakafu ya jirani yake kwa kimo gani. Rangi ya kigae haihitajiki bado. Kinachotakiwa ni aina na unene, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoamua urefu wa milango, mteremko wa maji na mahali pa soketi. Mkimaliza, nakala moja apewe fundi, naye atie sahihi kwamba ameiona. Nimeona ndoa zikitikiswa na ubishi wa rangi ya kijivu, lakini sijawahi kuona watu wakigombania milimita.

Sasa nije kwenye vigae vinavyotoa sauti ya mtungi, maana hapo kuna hatari ya kupoteza fedha mara ya pili. Umeniambia kwamba sakafu ile ilipakwa polishi kila Jumamosi. Nta ya miaka mingi huingia ndani ya vinyweleo vya saruji, na gundi ya vigae haishiki juu ya nta, kama vile ugali usivyoshika kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Ili kigae kishike hapo, sakafu ilipaswa kugongwagongwa kwa tindo hadi uso wake ukwaruzike kila mahali, ioshwe, ikauke, ndipo gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno hadi ienee mgongo mzima wa kigae. Mafundi wenye haraka huweka mafungu matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, kisha hubandika. Kigae cha namna hiyo husimama juu ya hewa, na siku mguu wa kabati utakapokikalia mahali penye uwazi, kitapasuka.

Chukua sarafu ya shilingi ishirini au mpini wa mbao, ugonge kila kigae cha sebuleni, na kila kinachotoa sauti ya uwazi ukitie alama ya chaki. Kama alama zitabaki pembe moja, vitolewe hivyo tu na virudishwe ipasavyo. Kama chaki itaenea zaidi ya theluthi moja ya sakafu, ningekushauri, kwa masikitiko, mng'oe yote sasa kabla hamjaingiza samani. Gharama ya kazi hiyo ni ya fundi, gharama ya vigae vitakavyovunjika ni mazungumzo, na mazungumzo hayo yafanyike kabla hajapokea shilingi nyingine.

Bafu nalo halina njia ya mkato. Sakafu ya bafu inapaswa kuwa chini kidogo ya ukumbi na kuteremka kuelekea kwenye tundu kwa milimita 10 hadi 20 katika kila mita. Kama maji yanakwenda mlangoni, mteremko umepinduka, na hakuna kiasi cha grauti, ile saruji laini ya kujazia mianya kati ya vigae, kitakachoyarudisha. Sehemu ya kuogea itafumuliwa. Wakati wa kuijenga upya, kabla ya kigae cha kwanza, zibeni tundu, mwage maji yajae sentimita mbili au tatu, na myaache kwa saa 24. Yakipungua au ukuta wa upande wa pili ukilowa, mmejua mapema. Halafu, kabla ya mabomba mapya kufunikwa lipu, yajazwe maji kwa shinikizo, na upige picha za kila ukuta ukiwa umeweka futi ya kupimia ndani ya picha. Siku utakapotaka kutoboa tundu la kioo, utajua bomba limepita wapi.

Malengelenge ya chumbani kwenu yananitia wasiwasi kuliko mengine, kwa kuwa mko mbioni kununua rangi nyingine. Nyumba nyingi za zamani za Nakuru zimejengwa kwa mawe laini ya volkano ambayo hunyonya maji, na mara nyingi hazina utando wa kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Maji hupanda kutoka ardhini, hufika kimo cha goti au zaidi, kisha hutafuta pa kutokea. Rangi ya mafuta imeyazibia mlango, nayo yameamua kuisukuma. Bandika kipande cha nailoni cha upana wa nusu mita ukutani, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache usiku na mchana. Matone yakionekana nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumba, ni pumzi zenu na mvuke wa jiko, na dawa yake ni kufungua dirisha.

Kama ni ukuta, toka nje kwanza. Angalia kama kuna bustani ya maua iliyorundikwa juu ya kimo cha sakafu yako, au mfereji wa paa ulioanguka ukimwaga maji mguuni mwa nyumba. Udongo wa nje ushushwe hadi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi. Ndani, lipu iliyooza ibanduliwe hadi juu ya alama ya unyevu, na ukuta uachwe uchi katika majira ya kiangazi ya Desemba hadi Februari. Hapo utaudhika, ninajua, kwa sababu utakuwa na ukuta wenye sura ya jeraha Krismasi nzima. Lakini rangi ya maji isiyo na mng'ao, iliyopakwa Machi juu ya ukuta uliokauka, itadumu, na ya mafuta iliyopakwa Novemba itakurudisha hapa kwangu. Hata pale ambapo lipu ni mpya na hakuna unyevu wa ardhini, ipe wiki nne kabla ya rangi, kwa maana saruji changa ina chumvi na maji ambayo huila rangi kutoka nyuma.

Kuhusu ule ufa, usiuzibe bado. Tia mstari mdogo wa penseli mwisho wake wa chini na wa juu, uandike tarehe, na uutazame tena mvua za masika zitakapopita. Ardhi ya Nakuru ni majivu ya volkano, na yapo maeneo ambayo mvua kubwa imewahi kuifanya ipasuke na kudidimia. Ufa mwingi wa dirishani ni wa lipu tu. Ikiwa huu utavuka mistari yako au upana wake utafika kuingiza sarafu, muite mhandisi kabla ya kumwita fundi wa rangi.

Tufike basi kwenye sampuli kumi na moja. Nitaegemea upande, ili usiseme kwamba mshauri amekukimbia. Vigae vyeupe vinavyometameta sivipendi kwa nyumba yako. Vumbi la Nakuru ni jepesi na la kijivu, na kati ya Januari na mvua huingia hata pasipo na tundu. Juu ya kigae cheupe kila wayo utaonekana, na juu ya kigae chenye mng'ao kila tone la maji ni mtego kwa mwenye umri. Mume wako anachokipenda, nadhani, ni mwanga, na mwanga unaweza kuupata kwenye kuta na dari bila kuukanyaga. Chagueni kigae kisicho na mng'ao, cha rangi ya kati, kama mchanga mkavu au jivu lililochanganyika na kahawia. Wazo lako la rangi ya udongo lilikuwa jema tangu mwanzo. Grauti iwe ya kijivu, kwa kuwa nyeupe hubaki nyeupe hadi siku ya kwanza ya kupigwa deki. Kwa bafu, tazama alama ya herufi R kwenye katoni: huanzia R9 hadi R13, na namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyozuia kuteleza. R10 au R11 inafaa hapo.

Punguza sampuli hadi tatu, na nyingine zirudishwe dukani wiki hii hii. Hizo tatu zilazwe sakafuni, wala si kuegemezwa kabatini, mzitazame asubuhi, adhuhuri na usiku chini ya balbu mtakayoitumia. Rangi za ukuta fanyeni vivyo hivyo, kila moja ikipakwa mita moja ya mraba kwenye kuta mbili zinazotazamana, kwa kuwa rangi iliyo maziwa karibu na dirisha yaweza kuwa uji wa wimbi upande wa kivuli. Baada ya siku tatu uamuzi ufungwe na uandikwe kwenye lile daftari.

Mtakaponunua, nunueni vyote kwa mara moja. Sebule ya mita 4.5 kwa 4 ina mita 18 za mraba. Ukiongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika unapata 19.8. Katoni ya vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita 1.44, kwa hiyo unahitaji katoni 14. Hakikisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye katoni zote ni moja, kwa maana vigae vya jina moja kutoka matoleo mawili hutofautiana rangi, nawe utaligundua hilo jioni ukiwa umekaa kwenye kochi. Hifadhi vigae vinne au vitano chini ya kitanda.

Fundi usimfukuze kabla ya kumpa nafasi ya haki. Anasema anawasubiri, na kwa kiasi fulani anasema kweli. Nyumba isiyo na uamuzi humfundisha fundi kutafuta kazi kwingine. Mketi naye mkiwa na daftari, mkubaliane bei ya kila kipande cha kazi, vigae kwa mita ya mraba na rangi kwa chumba, badala ya malipo ya siku. Vifaa mnunue wenyewe. Kila hatua ilipwe ikikamilika, na sehemu moja kati ya kumi ibaki mikononi mwenu hadi mwezi mmoja baada ya kazi. Mwambieni pia kwamba hakuna chumba kipya kitakachofunguliwa kabla ya kilichofunguliwa kufungwa: bafu kwanza, kisha jiko ili utoke ukumbini, halafu sebule. Akikubali masharti hayo na kuyavunja, hapo mtaagana bila kinyongo. Desemba ahesabu kuwa haipo, kwa sababu yeye pia ana kwao.

Kuhusu kuhama, jibu langu ni hapana kwa familia nzima. Kodi ya miezi minne ingemeza fedha za bafu, na nyumba isiyo na mwenyewe huchelewa zaidi. Lakini kikohozi cha mtoto si jambo la kuvumilia. Kwanza aonwe na daktari. Pili, grainda isiwashwe akiwa ndani. Ukuta ulowanishwe kabla ya kukatwa, mlango wa chumba kile uzibwe kwa nailoni, na vumbi lipigwe deki lenye maji badala ya kufagiliwa, kwa maana vumbi la saruji na mawe huumiza mapafu. Chagueni chumba kimoja kiwe safi daima, kisichoingiwa na viatu wala mfuko wa saruji, na humo watoto walale na wasome.

Nimemweka mama mkwe wako mwisho kwa makusudi. Ana haki katika jambo moja: sakafu nyekundu ya chumba chake na ya ukumbi, kama haijapasuka, haina kosa. Iache chumbani kwake, ioshwe nta ya zamani na ipakwe mpya isiyoteleza, kisha mmwekee zulia kando ya kitanda, kwa kuwa asubuhi za Nakuru ni baridi na saruji haina huruma kwa miguu mitupu. Ukumbini itabidi sakafu iinuliwe ilingane na sebule, na hilo aelezwe na mwanawe, siyo wewe. Kama ana binti au dada anayeweza kumpokea, aende kwa wiki mbili za kung'oa sebule na kufumua bafu, halafu arudi kabla ya rangi ya chumba chake kuchaguliwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitazama.